Seva ikae Ilala au Cape Town?

Juzi nilikaa na kamati ya SACCOS moja hapa Dar es Salaam inayotaka kupanga upya mfumo wake wa seva. Mweka hazina anataka mashine inunuliwe na iwekwe ofisini Ilala, "tuione kwa macho". Kijana wao wa TEHAMA anataka kila kitu kipandishwe kwenye wingu, yaani seva za kukodi zinazofikiwa kwa intaneti, na tayari alikuwa na bei za Amazon, ambao tangu 2020 wana vituo Cape Town.

Mweka hazina huchekwa bure. Mashine ikishalipiwa, imelipiwa. Wingu hudai kila mwezi, tena kwa dola, na aliyezitafuta dola mwaka 2023 hahitaji kusimuliwa. Lakini chumba cha seva katika jiji hili ni mtihani: joto, unyevu, hewa ya chumvi. Umeme ukikatika, betri ya akiba hushika dakika chache tu mpaka jenereta ipokee. Ofisi moja niliyowahi kuihudumia jenereta yake iliwaka bila kosa, ila hakuna aliyekumbuka kuunganisha kiyoyozi nayo. Kabla ya adhuhuri seva zilijizima zenyewe kwa joto. Ukiahidi kupatikana kwa asilimia 99.9, umejiruhusu kukatika chini ya saa tisa kwa mwaka mzima. Wiki moja ya mgao inazimaliza.

Kwa upande wa umeme na vifaa, basi, kijana ameshinda. Pia anaweza kukodi kidogo, akaongeza nguvu mwisho wa mwezi wanachama wanapofurika kuangalia salio. Ila tukumbuke tarehe 12 Mei 2024. Mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, njia ileile ya kuelekea Cape Town, na intaneti ikadorora nchi nzima. Seva ya kule ingekuwa inawaka kama kawaida, huku mwanachama wa Temeke akitazama kiduara kinazunguka.

Hapo ndipo naona kamati imekosea swali. Wanachama wake karibu wote wako hapahapa, na mitandao ya hapa hubadilishana data kupitia TIX, makutano ya kampuni za intaneti za hapa nchini, bila kuvuka bahari. Kwa hiyo mimi ningekodi nafasi kwenye kituo cha data cha hapa jijini. Kile cha taifa kiko Kijitonyama, na si pekee. Sisemi ni rahisi kwa bei, wala sisemi fundi hupokea simu usiku wa manane.

Tena Kijitonyama peke yake haiokoi mtu. Tovuti nyingi tunazoziita za nyumbani huchota faili za mitindo ya herufi (fonti) kutoka Marekani, anwani zake hutafutwa kwenye seva za ng'ambo tu, na namba ya siri ya kuingilia hutumwa na kampuni ya Ulaya. Mkongo ukikatika zinakufa pamoja na zile za Cape Town. Kazi hii ya kufuata uzi mmoja mmoja ndiyo inayorukwa, maana haina risiti ya kuonyesha kwenye mkutano mkuu.

Wingu nalo lisitupwe. Ofisi ikifurika maji au ikiungua, nakala rudufu iliyo mbali ndiyo mkombozi, mradi imefungwa kwa usimbaji na ufunguo umebaki Dar. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, haikuharamisha kupeleka taarifa nje; imeweka masharti, na masharti hayo yasomwe kabla ya kusaini mkataba.

Kamati imeomba bei za pande zote tatu. Mweka hazina ameongeza sharti lake: popote itakapowekwa mashine, apelekwe akaione.