Walikosa shilingi, hawakukosa masikio

Wiki iliyopita nilitoka kwenye mkutano wa mtaa hapa Manchester nikiwa nimefura, na hasira haijanitoka mpaka leo. Tuliitwa tujadili namna ya kuwavuta watu wa mitaa yetu kwenye matamasha ya okestra. Mtaalamu mmoja akasimama na kutueleza, kwa upole kabisa, kwamba familia za kipato cha chini haziwezi kukaa dakika arobaini zikisikiliza simfonia moja, yaani utungo mmoja mrefu wa okestra. Wapewe vipande vya dakika tatu tatu, akasema, na taa za rangi, na picha ukutani. Pembeni yangu alikaa dada mmoja wa Mombasa anayesafisha ofisi usiku. Hakusema neno. Aliikunja ratiba mara nne, akaitia mkobani, akaondoka kabla ya chai.

Nami nikarudi kwa miguu. Nilipofika Peter Street nikasimama mbele ya Free Trade Hall, uliokuwa ukumbi wa matamasha na mikutano. Siku hizi ni hoteli. Cha zamani kilichobaki ni ukuta wa mbele, na matao yake ya mawe na ngao za miji ya Lancashire zilizochongwa juu yake. Mvua ilikuwa inanyesha, maji yanatiririka kwenye zile ngao, na mimi nimesimama pale nikijiuliza inakuwaje mtu anayeishi kwa muziki katika mji huu aseme maneno yale.

Maana jambo hili lilikwisha kujaribiwa papa hapa. Charles Hallé, mpiga piano aliyezaliwa Hagen, Ujerumani, mwaka 1819, alikuwa akiishi Paris mpaka mapinduzi ya 1848 yalipomwondoa. Akaishia Manchester, akapewa kuongoza matamasha yaliyoitwa Gentlemen's Concerts. Hayo yalikuwa ya wanachama. Kama jina lako halimo daftarini, hupiti, hata uwe na pesa mkononi. Okestra yenyewe ilikuwa mbovu, na Hallé mwenyewe ameandika kwamba alipoisikia mara ya kwanza alifikiria kufungasha virago. Bahati akabaki.

Mwaka 1857 yakafanyika maonyesho makubwa ya sanaa pale Old Trafford. Watu zaidi ya milioni moja waliyatembelea, na Hallé akaunda okestra ya maana ya kuwapigia. Maonyesho yalipofungwa mwezi Oktoba, wanamuziki wale walikuwa watawanyike, kila mtu na njia yake. Hallé hakukubali. Tarehe 30 Januari 1858 akaanza matamasha yake ya kila wiki ndani ya Free Trade Hall, hasara yote juu yake mwenyewe, na akaweka viti vya shilingi moja.

Shilingi! Sisi tumelimeza neno hilo mpaka tumesahau lilikotoka, tangu lilipoletwa kama jina la pesa za Afrika Mashariki mwaka 1921. Kwao ilikuwa peni kumi na mbili. Ukiwa nayo, hukuulizwa baba yako ni nani wala umevaa koti gani.

Mwanzo ukumbi haukujaa. Wiki baada ya wiki alipoteza pesa. Hapo ndipo mtu mwingine angesema, ‘Mmeona? Watu hawa hawautaki muziki huu.’ Hallé akaendelea. Nakiri kwamba programu zake zilikuwa na vitu vyepesi pia, nyimbo za opera na kadhalika, lakini Beethoven na Mozart walikuwemo, na watu wakaanza kuongezeka. Msimu ukafika mwisho, matamasha thelathini, hesabu ikapigwa. Faida ya msimu mzima aliletewa kwa sarafu za peni tatu tatu, mpya, kumi. Peni moja kwa kila tamasha! Naziona zile sarafu ndogo za fedha zimepangwa mezani, na yeye anazitazama. Hakufunga. Aliendelea mpaka alipofariki mwaka 1895, na okestra ile ipo hadi leo kwa jina lake.

Baadaye aliandika kwamba maelfu ya watu wa kaunti za kaskazini walisikia simfonia kwa mara ya kwanza katika matamasha ya yale maonyesho ya 1857. Na mwaka 1880 akawapa ‘Faust’ ya mtunzi Mfaransa Berlioz, kazi inayopita saa mbili, ambayo Uingereza ilikuwa haijawahi kuisikia nzima. Iliwapendeza hata ikarudiwa. Saa mbili na zaidi, jamani, na sisi tunahesabiwa dakika tatu!

Sitaki kupamba. Shilingi ilikuwa pesa kwa mfumaji wa pamba, na wengi hawakuweza kuitoa kila wiki. Viti vizuri vya mbele vilikaliwa na wenye viwanda na wafanyabiashara, na bila wao Hallé asingedumu. Hayo ni kweli. Lakini mlango ulikuwa wazi, na walioingia kwa shilingi waliusikia muziki uleule uliosikiwa na wale wa mbele.

Na ni watu gani? Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokata pamba, viwanda vya Lancashire vikasimama na njaa ikaingia majumbani. Tarehe 31 Desemba 1862 wafanyakazi walikutana ndani ya ukumbi huohuo wakamwandikia Rais Lincoln wa Marekani kumuunga mkono dhidi ya utumwa, ilhali pamba ya watumwa ndiyo iliyokuwa ikiwalisha. Naye akawajibu mwezi uliofuata. Siwezi kukubali kwamba watu wa namna ile, au watoto wa watoto wao, au sisi tuliokuja kuishi kwenye nyumba zilezile, tumepungukiwa na kitu vichwani.

Haikuwa Manchester peke yake. Paris, mwaka 1861, kiongozi wa okestra Pasdeloup aliingiza okestra kwenye jengo la sarakasi akauza viti kwa bei ya chini. London nayo ikawa na yake.

Mimi nimekulia Tanga. Kwenye harusi za taarab tulikuwa tukisimama nje ya ua, sisi tusioalikwa, na wimbo mmoja unaweza kwenda robo saa kabla mwimbaji hajafika ubeti wa mwisho. Hakuna aliyechoka. Shangazi yangu aliyekuwa akiuza vitumbua, ambaye hajawahi kushika fidla maishani mwake, alikuwa akisikia uzi mmoja umelegea anaacha kugeuza vitumbua, anainua kichwa, anangoja mpaka yule mpigaji aukaze. Ndipo anaendelea. Huyo naye ni wa kipato cha chini. Mngempa dakika tatu na taa za rangi?

Kesho yake yule dada wa Mombasa alinipigia simu. ‘Kaka,’ akaniambia, ‘kumbe sisi ndivyo tunavyoonekana?’ Nikakosa la kumjibu. Akaniuliza tiketi ni pauni ngapi, nikamtajia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema hizo ni saa tatu za kazi yake, bado nauli, na tamasha linaanza saa moja na nusu usiku, yeye zamu yake inaanza saa mbili.

Basi jana tumeandika barua kwa wale waliotuita mkutanoni. Hatukuomba picha ukutani. Tumeomba viti mia moja vya pauni mbili, tamasha lianze saa tisa mchana, na simfonia ipigwe yote. Dada ametia sahihi ya kwanza.