Distaff: Mbio za Majike Zinawainua au Zinawatenga?

Breeders' Cup, mashindano makubwa ya mbio za farasi ya kila mwaka nchini Marekani, ilipofanyika kwa mara ya kwanza, Novemba 1984 katika uwanja wa Hollywood Park, California, waandaaji walitenga mbio moja kwa ajili ya farasi majike wa nasaba ya Thoroughbred wenye umri wa miaka mitatu na zaidi. Mbio hizo ziliitwa Distaff, neno la Kiingereza linalohusishwa na upande wa kike, zawadi yake ilikuwa dola milioni 1, na mshindi wake wa kwanza akawa Princess Rooney. Siku hiyohiyo mbio za Classic, ambazo dume na jike wote huruhusiwa kuingia, zilitengewa dola milioni 3. Pengo hilo halijazibwa: mwaka 2024 Distaff ilikuwa na milioni 2, Classic milioni 7.

Wanaoona kwamba Distaff inawatenga majike humtaja kwanza Zenyatta. Alishinda mbio hizi mwaka 2008, lakini sifa zake zilivuma zaidi mwaka uliofuata, alipoziacha na kuingia Classic katika uwanja wa Santa Anita, akakaa mkiani kama ilivyokuwa desturi yake, kisha akawapita madume mmoja baada ya mwingine na kuwa jike wa kwanza kushinda Classic. Wanaongeza kwamba jike hupunguziwa uzito anaobeba anapokimbia na madume, ratili 3 katika Classic, na kwamba kule Ufaransa Trêve alishinda Prix de l'Arc de Triomphe mara mbili mfululizo, 2013 na 2014, mbele ya madume.

Hoja hiyo ina uzito, ila inausahau mwaka 1988. Mei ya mwaka huo Winning Colors aliwashinda madume katika Kentucky Derby, akiwa jike wa tatu tu kufanya hivyo tangu mbio hizo zianze mwaka 1875. Novemba alirudi katika uwanja uleule wa Churchill Downs, sasa umelowa tope, na katika Distaff akatangulia mbele kana kwamba kazi imekwisha. Nyuma yake Personal Ensign, ambaye mguu wake ulikuwa umeungwa kwa skrubu tano baada ya kuvunjika, alikuwa akiteleza na kuhangaika kutafuta mwendo. Waliponyoosha kuelekea mwisho bado alikuwa mbali. Akapunguza pengo hatua kwa hatua, na mstarini akatangulia kwa pua. Alistaafu akiwa ameshinda mbio zake zote 13. Aliyewashinda madume, basi, alishindwa na jike mwenzake.

Ipo pia hesabu ya wafugaji, ambayo washabiki huisahau. Dume bora anaweza kupandisha majike zaidi ya mia kwa msimu, kwa hiyo ushindi wa Classic humlipa mwenyewe kwa miaka mingi. Jike huzaa mtoto mmoja kwa mwaka. Mwenye jike bora ana sababu chache za kumhatarisha, na kama Distaff isingekuwepo, nadhani wengi wangewarudisha majike wao shambani mapema. Na jike aliyekimbia bado huzaa baadaye: binti wa Personal Ensign, My Flag, alishinda mbio za majike wachanga za Breeders' Cup mwaka 1995, na mjukuu wake, Storm Flag Flying, akashinda mbio hizohizo mwaka 2002.

Lakini asidhani mtu kwamba mbio za majike ni za kupumzikia. Katika Distaff ya mwaka 1990, uwanja wa Belmont Park, Go for Wand alikuwa bega kwa bega na Bayakoa wa Argentina alipovunjika mguu wa mbele karibu na mwisho, akaanguka, akainuka na kuchechemea mbele ya jukwaa lililojaa watu. Mpandaji wake, Randy Romero, ndiye aliyekuwa juu ya Personal Ensign miaka miwili kabla.

Mabishano kuhusu jina la Distaff hayanisumbui sana. Mwaka 2008 liligeuzwa kuwa Ladies' Classic, na 2013 likarudi la zamani. Kinachohitaji kurekebishwa ni zawadi. Mbio zenyewe zibaki, kwa sababu heshima yake imekwishathibitika: Agosti 2024 jike Thorpedo Anna aliwakabili madume katika mbio za Travers, akashindwa kwa kichwa, Novemba akarudi kwa majike wenzake, akashinda Distaff pale Del Mar, na ndiye aliyetajwa Farasi Bora wa Mwaka nchini Marekani, bila kukanyaga Classic.