Makaa ya Mbinga na maji ya Chipole

Ukikaa kando ya barabara Songea mjini, mkoani Ruvuma, kusini mwa Tanzania, utayaona malori ya makaa ya mawe kutoka Ngaka, wilayani Mbinga, yamefunikwa maturubai, yanaelekea bandari ya Mtwara. Mbinga ni kwa Wakatoliki. Wachimbaji, madereva, mama anayewauzia chai alfajiri, wengi wao ni waumini wa Kanisa lilelile ambalo Papa Fransisko, katika waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015, alilitaka lisimame upande wa kuachana na makaa ya mawe, mafuta na, kwa uzito mdogo zaidi, gesi, hatua kwa hatua na bila kuchelewa. Hapo ndipo lawama inapoanzia: Kanisa limeingia siasa za Wazungu, linamwambia maskini azime taa ambayo hajaiwasha.

Lawama hiyo si ya kupuuzwa. Afrika imechangia sehemu ndogo sana ya moshi uliochafua anga, na ujira wa lori la makaa unalipa ada mwezi huu, si mwaka 2050. Waraka wenyewe, aya ya 188, unakiri kwamba Kanisa halidai kumaliza mabishano ya kisayansi wala kushika nafasi ya siasa. Aya ya 165, ileile inayotajwa kila mara dhidi ya makaa, inaruhusu kuchagua lenye madhara madogo mpaka nishati jadidifu iwafikie watu wengi. Mkatoliki anayetetea gesi ya Songo Songo hajaasi imani.

Ila hili la kwamba nishati jadidifu ni wazo la kuletwa, mimi silikubali, na sababu yangu iko mkoani humohumo Ruvuma. Masista Wabenedikto wa Mtakatifu Agnes wa Chipole walijenga mtambo wa umeme wa maji pale Tulila, kwenye Mto Ruvuma: megawati 5, ukaanza kazi mwaka 2015. Mtambo hauchipui kwa msimu mmoja. Masista walikuwa kazini kabla waraka haujasainiwa. Umeme wanawauzia TANESCO, shirika la umeme la taifa.

Mwenye kukumbuka Songea ya wakati ule anajua maana yake. Gridi ya taifa ilikuwa haijafika. Ilifika mwaka 2018 kwa njia ya Makambako. Mji uliishi kwa majenereta ya dizeli, na dizeli ilitoka pwani, safari ya karibu kilomita 1,000. Lori linachoma dizeli ili lipeleke dizeli ikachomwe! Likikwama njiani, au mashine ikigoma, kinyozi anafunga, mwenye mashine ya kusaga anarudisha debe la mahindi kwa mwenyewe. Maji ya Ruvuma yalikuwa yanapita bure muda wote huo. Masista hawakuwa wanaharakati wa tabianchi. Waliona hasara iliyokuwa mbele ya macho ya kila mtu.

Nairudia hesabu hiyo kwa sababu ndiyo inayopotea tukibishana. Mama wa chai pale barabarani anachemsha maji kwa mkaa wa miti, huku tani kwa tani za makaa ya mawe zikimpita kwenda kuwasha viwanda vya watu wengine. Yapo mapato, sikatai. Lakini anayesema makaa ndiyo mwanga wa maskini amtazame kwanza huyo mama.

Tena waraka haukumtwisha yeye mzigo. Aya ya 172 inasema nchi maskini zitahitaji ruzuku, fedha na teknolojia ili zifaidi jua lao lililojaa tele. Vatikani nayo haikusubiri wengine: paneli ziliwekwa juu ya ukumbi wa Paulo VI mwaka 2008, na mwaka 2024 Fransisko akaagiza shamba la umemejua pale Santa Maria di Galeria, litosheleze mahitaji ya dola nzima ya Vatikani.

Ugumu ninaouona mimi uko kwingine. Mto Ruvuma unaanzia milima ya Matogoro, juu ya Songea penyewe. Miti ya kule ikiisha kwa mkaa na mashamba, kiangazi mto utapungua na mitambo ya Tulila itazunguka kwa kusuasua. Kwa hiyo jiko la yule mama na mtambo wa masista ni kesi moja, na sijaona parokia inayozihubiri pamoja.