Siku hamsini tusizozihesabu

Kila Ijumaa ya Kwaresima makanisa ya Kikatoliki huku kwetu hujaa waumini wanaofuata Njia ya Msalaba, vituo 14 vinavyoanzia Yesu anapohukumiwa kufa na kuishia anapolazwa kaburini. Kwa desturi hakuna kituo cha 15. Muumini hurudi nyumbani jioni hiyo akiwa amemwacha Bwana wake nyuma ya jiwe, na pengine ndiyo sababu wengi wetu tumezoea kuomboleza na Kristo kuliko kufurahi naye.

Wapo wanaoona kuwa ni heri iwe hivyo, na hoja zao si za kupuuzwa. Karl Marx aliandika mwaka 1844 kwamba dini ni afyuni ya umma. Kiswahili kina jina lake la dawa hiyo, kasumba, ambalo siku hizi twalitumia zaidi kwa fikra alizopandikizwa mtu ili atawalike. Lakini mwenye shaka hahitaji kumsoma Marx, kwani aweza kuketi jamvini kwenye matanga. Nimewahi kumsikia mzee wa kanisa akimwambia mjane kijana, ambaye mumewe alikuwa amezikwa jana yake, kwamba asilie tena kwa kuwa machozi ni upungufu wa imani. Mjane alijifunika kanga usoni akanyamaza, mabega yakaendelea kutikisika, na waliokuwa karibu wakamsifu kwa kujikaza. Kama hiyo ndiyo furaha ya ufufuo, basi kasumba ni jina linaloistahili.

Lipo na zito kuliko hilo. Pasaka ya mwaka 2023 iliangukia tarehe 9 Aprili, na kabla mwezi haujaisha makaburi yalikuwa yakifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, nchini Kenya, ambako hatimaye ilipatikana miili zaidi ya 400. Upande wa mashtaka unadai kwamba waumini, watoto wakiwamo, walielekezwa wafunge mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Anayesema kwamba tumaini la uzima ujao laweza kuyafanya maisha ya sasa yaonekane takataka anao ushahidi mkononi, na Mkristo asikimbilie kumjibu.

Hata hivyo, nikizirudia simulizi zenyewe za ufufuo, naona zinamkana mzee yule na kuukana msitu ule. Injili ya Marko, katika nakala kongwe za Sinaiticus na Vaticanus, inakomea kwa wanawake wanaolikimbia kaburi wakitetemeka, wasithubutu kumwambia mtu. Katika Yohana, aliyefufuka anatokea akiwa na makovu yake, wala hayafichi. Paulo aliwaandikia Wathesalonike wasihuzunike kama watu wasio na matumaini, sentensi ambayo misibani kwetu hukatwa katikati, ikabaki kwamba wasihuzunike tu. Na ni Paulo huyo huyo anayekiita kifo adui wa mwisho, jina ambalo haliafikiani na wepesi wetu wa kusema kwamba kila aliyekufa amepumzika. Adui hupiganwa naye. Mtu anayeamini kwamba mwili utafufuliwa ana sababu zaidi, si pungufu, ya kukasirika mwili huo unapokosa dawa.

Tena simulizi hizo zimejaa chakula. Binti wa Yairo alipoinuliwa kitandani, agizo lililofuata lilikuwa apewe kitu ale. Wanafunzi walipodhani wanaona mzimu, Yesu aliomba chakula, akala samaki mbele yao. Na ufukweni mwa bahari ya Tiberia aliwawekea makaa, samaki na mkate, akawaita waje kufungua kinywa. Kumfuata mfufuka huyo kwa kuwanyima watoto uji ni kumgeuza kuwa kinyume chake.

Ndipo hesabu moja inaponirudia kila mwaka. Kwaresima tunaihesabu kuwa siku 40. Kipindi cha Pasaka, mpaka Pentekoste, ni siku 50. Kanisa lenyewe, katika kalenda yake, liliipa furaha siku kumi zaidi ya toba, na halikuiacha iwe hisia ya kuja na kuondoka. Tertuliano wa Karthago, mwandishi Mkristo wa Afrika ya Kaskazini, mwanzoni mwa karne ya 3, aliandika kwamba Wakristo hawakufunga wala kupiga magoti kuanzia Pasaka hadi Pentekoste, na Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, katika kanoni (sheria) yake ya 20, uliagiza kwamba siku hizo watu wasali wakiwa wamesimama. Sisi tumezishika zile 40 kwa kufunga, kwa majivu na kwa bahasha za matoleo. Hizi 50 tumezipunguza zikawa pilau ya Jumapili na mapumziko ya Jumatatu. Sikatai kwamba ni rahisi kumpangia mtu ratiba ya kufunga kuliko ratiba ya kufurahi, na kwamba furaha ya kuamriwa humchosha aliyefiwa. Lakini muda mrefu ndio unaomfaa huyo hasa. Tomaso alikaa siku nane kati ya wenzake walioshangilia, yeye akiwa bado haamini, wala hakufukuzwa chumbani.

Wamoravian, Wakristo wa Kanisa mojawapo la Kiprotestanti, wanao utaratibu unaolielewa jambo hili. Alfajiri ya Pasaka ya mwaka 1732 vijana wa Herrnhut, Ujerumani, walipanda kilimani kwenye makaburi yao wakaimba jua likichomoza, na desturi hiyo ikawa ya Kanisa lao. Makaburi ya Herrnhut yamefunikwa kwa mawe bapa yanayofanana, tajiri asimpite maskini. Nilipohudhuria ibada ya namna hiyo nchini kwetu, nyasi zilikuwa bado na umande, na mama mmoja alikuwa amewahi mapema na jembe dogo kupalilia kaburi la mwanawe. Wimbo ulipoanza alisimama akaimba sauti ya pili huku machozi yakimtoka, wala hakuna mtu aliyemwambia ajikaze.