Hedifoni za kuzima kelele: kinga ya masikio au starehe ya safari?

Si ajabu siku hizi kumkuta fundi wa kuchomelea akikata vyuma huku amevaa hedifoni za kuzima kelele, zile zile za kusikilizia muziki. Ukimuuliza, jibu lake lina mantiki: kama zinazima kelele, si zinakinga masikio? Kwa dereva wa basi hoja hiyo ina uzito mkubwa. Kwa mtu aliyeshika grenda ina pengo, na pengo lenyewe liko kwenye fizikia, wala si kwenye ubora wa hedifoni aliyonunua.

Ndani ya kila kikombe cha hedifoni hizi kuna maikrofoni inayonasa kelele, sakiti inayoligeuza wimbi lake juu chini, na spika inayolitoa likiwa limegeuzwa. Kilele cha wimbi moja kikiangukia kwenye bonde la jingine, yanafutana. Wazo ni la zamani. Mjerumani Paul Lueg alipata hataza yake Marekani mwaka 1936. Lakini hedifoni ya kwanza kuuzwa madukani, ya Bose, ilikuja mwaka 1989, na wateja wake walikuwa marubani. Hilo si jambo la bahati, kwa kuwa kelele ya ndani ya ndege ni mngurumo mzito usiobadilika, na huo ndio mlo wa teknolojia hii.

Chukua jenereta ya dizeli yenye silinda 4, inayozunguka mara 1,500 kwa dakika. Inalipua mafuta mara 50 kwa sekunde, yaani mngurumo wa hezi 50, ambao wimbi lake lina urefu wa karibu mita 7. Sakiti ikichelewa sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde, wimbi la namna hiyo halijasogea kitu. Sasa chukua mlio wa hezi 4,000, kama ule wa diski ya grenda ikigusa chuma. Wimbi lake halifiki sentimita 9. Ucheleweshaji ule ule unaliacha wimbi limesogea zaidi ya theluthi moja ya mzunguko wake, na kinachotoka kwenye spika kinaweza kuongeza kelele badala ya kuifuta. Ndiyo maana waundaji huusimamisha mfumo mapema, kwa kawaida karibu na hezi 1,000. Juu ya hapo unachobaki nacho ni sponji na plastiki ya kikombe.

Uharibifu wa kusikia unaotokana na kelele huanza kuonekana kwenye kipimo cha usikivu kati ya hezi 3,000 na 6,000, mara nyingi karibu na 4,000. Vinyweleo vya sikio la ndani vikifa havioti tena. Sauti nzito haziumizi sana kwa kulinganisha, na hata mita za kelele zinalijua hilo: kipimo cha dB(A), kinachotumika kwenye sheria za kazi, huipunguzia sauti ya hezi 100 desibeli 19 kabla ya kuihesabu. Kwa hiyo hedifoni inaweza kufuta desibeli 25 za mngurumo, ukahisi dunia imetulia, kumbe dozi ya kelele iliyoingia sikioni imepungua kidogo tu. Utulivu unaouhisi na kinga unayoipata havilingani.

Tuwe waadilifu: kikombe kilichobana vizuri huzuia sauti kali, yaani za hezi nyingi, kwa umbo lake tu, hata betri ikiwa imekwisha. Tatizo ni kwamba kwa hedifoni nyingi za muziki hakuna aliyepima kinazuia kiasi gani na kukiandika. Vizibo na vifunika masikio vya kazini vina namba kwenye pakiti, NRR kwa mfumo wa Marekani au SNR kwa wa Ulaya, na namba hiyo unaweza kuifanyia hesabu.

Hesabu yenyewe ni hii. Taasisi ya utafiti ya NIOSH ya Marekani inapendekeza desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3, muda unagawanywa kwa mbili. Desibeli 88 ni saa 4, 94 ni saa 1, na 100, ambayo grenda huifikia bila shida, ni dakika 15. Sheria ya Kenya ya mwaka 2005 ni laini zaidi: inaruhusu 90 kwa saa 8, na inaweka kikomo cha 140 kwa kishindo cha ghafla. Kizibo cha sponji chenye NRR 33 hakikupi 33. Toa 7, kisha gawa kwa 2, kama wanavyofanya wakaguzi wa OSHA, mamlaka ya usalama kazini ya Marekani, ambao hugawa ili kufidia uvaaji mbaya: unapata 13. Kelele ya 100 inashuka hadi 87, na muda wako unatoka dakika 15 hadi kama saa 5. Hiyo ni kwa kifaa cha bei ya soda.

Wanaotetea hedifoni wana hoja moja nzito ambayo wakaguzi wengi huipita haraka. Kinga hufanya kazi ikiwa imevaliwa. Kifaa cha kupunguza desibeli 30, kikivuliwa kwa nusu saa tu katika zamu ya saa 8, wastani wake unaporomoka hadi 12, kwa kuwa nusu saa ile inabeba karibu dozi yote. Vizibo vinawasha, vinaziba sauti ya mwenzako, na mkono wenye vumbi la chuma ukivisokota unaingiza uchafu sikioni. Kwa hiyo mtu anayesema kifaa kinachovalika siku nzima kinashinda kile kinachovuliwa kila mara hajakosea. Anachopaswa kuthibitisha ni kwamba hedifoni yake inapunguza hizo desibeli 12 kwenye sauti kali, na bila namba kwenye pakiti hawezi.

Tena vizibo vingi vinalaumiwa bure. Nawa mikono, sokota sponji hadi iwe nyembamba bila mikunjo, pitisha mkono mwingine juu ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma, ingiza, kisha shikilia kwa kidole kama sekunde 30 mpaka itanuke. Sauti yako mwenyewe ikisikika nzito kama unaongea ndani ya pipa, imekaa. Mtu akikutazama usoni akaiona ncha imechomoza, haijakaa. Kwa vifunika masikio na hedifoni adui ni mwanya: miguu ya miwani, nywele zilizosukwa, kofia, mtandio. Mtandio uje juu ya kikombe, usiwe chini yake.

Kuna mahali ambapo hedifoni za kuzima kelele zinashinda waziwazi, nako ni safarini. Ndani ya basi la Dar es Salaam kwenda Mwanza, mngurumo wa injini na matairi hufunika sauti za juu, na abiria hupandisha muziki ili aushinde. Hapo kinachoumiza sikio ni muziki wenyewe. Ukiufuta mngurumo, unausikia vizuri ukiwa chini, na pendekezo la Shirika la Afya Duniani la desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki linawezekana kulifuata. Ila usitarajie hedifoni hizo zizime spika ya basi iliyo juu ya kichwa chako.

Kwenye kununua, soma boksi kwa makini. Kariakoo na Luthuli Avenue zimejaa vifaa vya masikioni vilivyoandikwa ENC, na wengi hudhani ndiyo ANC, yaani ile teknolojia ya kuzima kelele sikioni. ENC husafisha sauti ya maikrofoni yako ili unayempigia akusikie. Sikio lako halipati chochote. Jaribu bila muziki, karibu na feni kubwa au jenereta: washa, zima. Mngurumo usipobadilika, ama ni ENC ama mpira wa sikioni haujakutosha.

Watengenezaji wenyewe wameanza kusogea. Mwaka 2024 Apple iliongeza kwenye AirPods Pro 2 huduma ya kulinda usikivu, ikianzia Marekani na Kanada, lakini ikaonya kwamba haifai kwa milio ya risasi, fataki na mashine za kuvunjia zege, wala kwa kelele endelevu inayozidi 110 dB(A). Onyo hilo linamhusu moja kwa moja fundi wa jua kali wa Kamukunji, Nairobi, anayefua bati kwa nyundo: kishindo chake ni cha ghafla, na sponji humzuilia bila kusubiri sakiti.

Anayefanya kazi ya jenereta, trekta au katapila ana sababu ya kudai zaidi. Vifunika masikio vya kawaida huzuia mngurumo kwa shida, na hapo ndipo sakiti ya kufuta kelele huziba pengo la kweli. Vipo vilivyotengenezwa kwa kazi, vikiwa na jedwali la upunguzaji kwa kila masafa. Muuzaji akuonyeshe mistari ya hezi 125 na 250, mfumo ukiwa umewashwa na ukiwa umezimwa. Akikosa jedwali hilo, anakuuzia hedifoni ya muziki.