Kijana asiye na kazi akiacha gemu, tushangilie?

Katika nyumba nyingi za Katuba, Kenya na Kampemba, komuni za mji wetu wa Lubumbashi huku Kongo, kijana asiye na kazi akionekana ameiacha PlayStation, mama humshukuru Mungu. Miezi mingi amekuwa akimwambia: «Mwanangu, hiyo maneti itakulisha?» Sasa maneti, kile kifaa cha mkononi cha kuchezea, imelala juu ya kabati na vumbi lake. Papa anaona mtoto amekua. Jirani anasema labda ameanza kufikiria maisha. Kijana mwenyewe ukimuuliza, anajibu tu kwamba imemchosha, kisha anarudi kulala.

Nataka kupima shangwe hiyo ya mama, kwa sababu haikosi msingi.

Gemu inakula hela na inakula usiku. Anayecheza mpaka saa tisa ya usiku hawezi kuwa mlangoni pa kampuni ya migodi saa kumi na mbili asubuhi na dosye yake ya kuomba kazi mkononi. Mwaka 2017 wachumi wanne wa Marekani, Mark Aguiar, Mark Bils, Kerwin Charles na Erik Hurst, walitoa utafiti uliodai kuwa uzuri wa gemu za siku hizi ni sehemu ya sababu za wanaume vijana wa huko kupunguza saa za kazi. Walipingwa sana, na Lubumbashi si Marekani: hapa kijana hakatai kazi ili acheze, kazi yenyewe haipo, au ipo kwa anayemjua mtu. Lakini mama hahitaji wachumi. Anaona bili ya umeme.

Kuna hoja nyingine ya upande wake ambayo vijana huisahau: watu hubadilika. Mtu wa miaka 28 aliyeanza kwenye PlayStation 2 akiwa shule ya msingi anaweza kuwa amemaliza tu, kama alivyomaliza kucheza gololi. Hana ugonjwa, wala hana haja ya kuirudisha hamu. Ukimlazimisha arudi, unamlazimisha abaki mtoto.

Kama habari ingeishia hapo, mama angekuwa sahihi. Haiishii hapo.

Mji mdogo wa Marienthal, karibu na Vienna nchini Austria, uliishi kwa kiwanda kimoja cha nguo. Kiwanda kikafungwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 watafiti Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel wakaenda kuangalia watu wanafanya nini na muda wote ule. Ungetegemea maktaba ijae. Ikawa kinyume: kati ya mwaka 1929 na 1931 vitabu vilivyoazimwa vilipungua karibu nusu, ingawa ada ya kuazima ilikuwa imeondolewa. Wanaume walitembea polepole, wakisimama-simama njiani. Walipoulizwa wamefanya nini tangu asubuhi, wengi walikumbuka kuamka, kula cha mchana na kulala. Wanawake, ambao kazi zao za nyumbani hazikufungwa pamoja na kiwanda, walitembea haraka kuwapita.

Sisi watu wa Lubumbashi hatuhitaji kwenda Austria kuona hilo. Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi, ilitoa karibu tani 476,000 za shaba mwaka 1986. Kufikia 2003 ilikuwa imeanguka, na zaidi ya wafanyakazi 10,000 wakaondoka kwa mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ule wa «depa volontere», yaani kuondoka kwa hiari, ambao wengi walioupitia hawakuona hiari yoyote ndani yake. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ameandika jinsi mamlaka ya baba yalivyoyumba katika familia za wafanyakazi mshahara ulipokauka, na wake wakabeba nyumba kwa biashara ndogo. Wanaume wale walikuwa na mpira, dama na bia baada ya zamu. Zamu ilipoondoka, ile «baada» nayo iliondoka.

Ndiyo maana siamini maelezo ya haraka kwamba kijana amechoshwa na gemu kwa kuwa amecheza mno. Starehe inataka muda, lakini inataka zaidi muda huo uwe na mwisho. Gemu ilikuwa chumvi ya siku yenye masomo, stazhi (mazoezi ya kazi) au kibarua, na hakuna anayeweza kula chumvi tupu kuanzia asubuhi mpaka jioni.

Tena haianzi kwa kuchoka. Miezi ya kwanza baada ya kupata diploma au kupoteza kazi, wengi hucheza zaidi kuliko zamani, na sababu inaeleweka. Kampuni haijibu barua, lakini gemu hujibu kila kitu kwa sekunde. Katika gemu za mpira kuna sehemu ya kuwa kocha: unasajili, unafukuza, unapewa lengo la msimu, ukilifikia unaongezewa mkataba. Gemu za simu zina majukumu ya kila siku na zawadi kwa anayeingia bila kukosa. Ni ajira kamili, isipokuwa mshahara. Kwa muda fulani inatuliza. Kisha siku moja kijana anapanda daraja alilolitaka kwa wiki nzima, anazima, na dosye yake bado iko kwenye meza ya mtu asiyemjua. Siku hiyo gemu inaonekana ilivyo, na baada ya kuiona hivyo ni vigumu kurudi kuipenda bila kufikiri.

Halafu kuna aibu, na kwa maoni yangu hii ndiyo inayoua hamu kuliko yote. Mwenye kazi akicheza jioni anapumzika. Asiye na kazi akicheza saa nne asubuhi anaiba. Hakuna aliyemwambia hivyo leo, lakini anacheza sikio likiwa mlangoni. Akisikia geti anapunguza sauti ya televisheni. Dada yake anarudi sokoni na beseni kichwani, na yeye anaongoza mabao matatu kwa moja. Raha gani hapo? Baada ya muda anaona afadhali alale, maana anayelala angalau anaweza kusema anaumwa.

Rafiki zake watamwambia abadilishe gemu. Huo ni ushauri wa kwanza kila mahali na mara nyingi haufanyi kazi. Anapakua moja, anacheza dakika kumi, anaifuta kupisha nyingine kwa sababu simu imejaa, na mwisho wa wiki amemaliza megabaiti na hajafika popote. Tatizo halikuwa kwenye gemu.

Ushauri wa pili ni wa kujilazimisha, na huu una nguvu kuliko unavyosikika. Miaka ya 1970 mwanasaikolojia wa Marekani Peter Lewinsohn alishikilia kwamba mtu aliyezama katika huzuni anafanya machache yanayompa raha, na kwa kufanya machache anazidi kuzama. Kwa hiyo asisubiri hamu, aanze kitendo, hamu itafuata. Matibabu yaliyojengwa juu ya wazo hilo yamepimwa mara nyingi na yanasaidia. Ila wanaoyatumia hawamwambii mtu akae peke yake na skrini kwa muda wa saa sita. Wanampangia siku: kuoga, kutembea, kumtembelea mtu, kazi ndogo yenye mwisho, na kitu alichokipenda kwa saa maalumu. Gemu inaweza kuwemo. Haiwezi kuwa orodha nzima.

Hapo ndipo chumba cha kuchezea cha mtaani kinaishinda PlayStation ya nyumbani. Vinajulikana: televisheni mbili tatu, mabenchi, mwenye chumba anayeshika saa, na maneti zilizochoka. Moja kijiti chake cha kushoto kimelegea mpaka beki anatembea mwenyewe kuelekea pembeni, na kila mgeni hupewa hiyo. Anayefungwa anainuka. Ukitaka kucheza tena unangoja, na katika kungoja unasikia kwamba kampuni fulani inatafuta madereva, kwamba fulani amepata stazhi, kwamba Mazembe, timu yetu ya mpira, watacheza Jumapili. Mchezo wenyewe ni dakika chache. Faida iko kwenye benchi. Jahoda baadaye aliandika kwamba kazi, mbali na mshahara, humpa mtu ratiba, watu nje ya familia yake, lengo la pamoja, nafasi mbele ya wengine na ulazima wa kujishughulisha. Chumba kile hakimpi vyote, lakini kinamrudishia viwili au vitatu, na umeme ukikatika wanaendelea kuongea.

Wazazi hawapendi vyumba hivyo, na kweli vingine vina kamari na bangi. Sitetei kila kimoja. Ninachosema ni kwamba kijana anayekwenda pale Jumamosi na kurudi akibishana kuhusu bao la kuotea ana hali nzuri kuliko mwenzake aliyeacha gemu, marafiki na bukari (ugali) kwa pamoja, hata kama huyo wa pili ndiye anayesifiwa mtaani.

Kuhesabu saa za kucheza kwa hiyo hakutufikishi mbali, kwa mama anayezihesabu ili azilaani wala kwa yaya, yaani ndugu mkubwa, anayesema «muache apumzike». Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifuatilia wachezaji karibu 39,000 wa gemu saba, wakitumia rekodi halisi za kucheza. Idadi ya saa haikuonyesha athari ya maana kwa ustawi wao. Kilichohusiana nao ni sababu ya kucheza: kwamba mtu anataka, au anajiona amelazimika.

Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, limeweka tatizo la gemu, na habari hiyo ilienea kwa haraka kwa sababu wazazi waliipenda. Lakini orodha hiyohiyo inahesabu kupotewa na hamu ya mambo uliyoyapenda, karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, kuwa moja ya dalili kuu za sonona, ule ugonjwa wa huzuni. Hilo halikuenea.

Basi swali la kumuuliza kijana ni nini kimekuja mahali pa gemu. Kama ameanza kujifunza uchomeleaji kwa mjomba, kama anakimbia asubuhi, kama ana mchumba anayemmalizia vocha, mama aendelee kushukuru. Kama hakuna kilichokuja, usiku hapati usingizi au analala mchana kutwa, anaacha chakula, hajibu simu za rafiki aliokuwa akiwafunga na kufungwa nao, hilo si kukua. Lubumbashi ina kituo cha neuropsikiatria, yaani cha magonjwa ya akili na neva, cha Joseph Guislain. Watu hukiogopa kwa kudhani ni cha wendawazimu pekee, na kwa sababu hiyo wengi hufika wakiwa wamechelewa. Kabla ya kufika huko, kaka mkubwa anaweza kumchukua wakatembea mpaka kwa rafiki yake, bila hotuba njiani kuhusu dosye.

Na akija Jumamosi mwenyewe kuomba hela ya mechi mbili, mpeni.