Mshipa wa mchepuko kwenye ini la mbwa mdogo: kwa nini bado natetea upasuaji

Mwenye Yorkshire Terrier, mbwa wa aina ndogo, wa miezi minane akishaelezwa kuwa damu itokayo utumboni inalikwepa ini la mbwa wake kupitia mshipa aliozaliwa nao, hupewa laktulosi (dawa ya maji ya sukari isiyofyonzwa), antibayotiki na chakula chenye protini ya kupimwa. Baada ya muda, mbwa aliyekuwa akila kisha akazungukazunguka na kuegemeza kichwa ukutani, anacheza tena. Ndipo huuliza: mnyama wa kilo mbili, mzima hivi, nimpasulie nini?

Ana haki ya kuuliza. Wapo wanaokufa siku chache baada ya upasuaji, kwa shinikizo la damu kupanda kwenye mishipa ya tumbo au kwa degedege lisilosikia dawa. Tena asidi za nyongo, zinazopimwa kwenye damu kuona kama ini linafanya kazi, kuwa juu si ushahidi tosha: mbwa wengi wa aina ya Maltese huwa nazo juu bila kuumwa, na mbwa wengine kasoro yao iko kwenye vijishipa vidogo ndani ya ini, ambavyo hakuna kisu kinachoweza kuvitengeneza. Kabla mshipa wenyewe haujaonekana kwa altrasaundi au picha ya CT, mbwa asiguswe.

Lakini ukishaonekana? Laktulosi hupunguza amonia, sumu inayovuruga ubongo ini lisipoisafisha, inayofyonzwa utumboni. Mchepuko unabaki wazi, na ini linaendelea kudumaa kwa kukosa damu yake. Wala daktari halazimiki kuufunga mshipa kwa mkupuo, kama wengi wanavyohofia. Huweza kuuvisha pete ya ameroidi, yenye kasini, protini ya maziwa iliyokaushwa, ndani ya chuma. Kasini hunyonya majimaji, huvimba, na mshipa huzibwa polepole kwa wiki kadhaa, ini likipata nafasi ya kuzoea.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulifuatilia mbwa 124 wenye dalili: 97 walipasuliwa, 27 walibaki na dawa. Muda wa kati wa ufuatiliaji ulikuwa siku 1,936, zaidi ya miaka mitano. Waliokufa, au kuuawa ili wasiteseke, ni 21 kati ya wale 97, na 24 kati ya wale 27. Ishirini na nne! Ni kweli, hawakugawanywa kwa kura. Huenda waliobaki na dawa walikuwa hoi zaidi, au wenye mbwa hao hawakuwa na fedha. Toa punguzo lolote utakalo kwa sababu hiyo. Mimi nimejaribu, na bado wanabaki mbwa watatu tu. Na waliopasuliwa hawakuishi tu, dalili zao pia zilikuwa chache.

Utafiti huohuo haukuona umri wakati wa kugunduliwa ukibadili uwezekano wa kuishi. Kwa hiyo wiki kadhaa za dawa za kumtuliza mbwa kwanza hazimnyimi nafasi yake, na mwenye mbwa wa miaka sita aliyeambiwa kuwa amechelewa anaweza kurudi kuulizia picha ya CT.